Mzee amepinduka, aliyeomba msamaha ni mimi

Leo nimeomba msamaha kwa kuangusha pikipiki ambayo sijawahi hata kuikalia.

Babake madam ninayemwendeshea gari magoti yameisha, na watoto walishamkataza ile pikipiki yake ya magurudumu manne.

Tumeenda naye kuwinda jangwani nje ya Riyadh. Ameona mjusi, akamkimbiza na ile pikipiki, akapinduka. Mimi ndiye nimemchomoa mchangani.

Kurudi nyumbani Al-Naseem, madam anauliza nani amepindisha usukani.

Mzee akaninyooshea kidole.

Yeye mchanga umejaa ndevu mpaka nyusi. Mimi mikono tu. Madam ameona, jamani, na bado ananiambia, "Dereva, sema samahani."

Nikasema. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, wameishika wao, wewe ungefanyaje?

Jioni mzee akanifuata chumbani. Nikadhani analeta pole.

"Ijumaa tunarudi jangwani," akasema. "Lakini usiikimbize tena vile."