Uzi wa Kijani Kwenye Gari Jeusi

Gari lilikuwa jeusi hivi kwamba ukisimama karibu nalo unajiona vile ulivyovaa. Mimi nilijiona ndani ya ovaroli ya mtu mrefu kuliko mimi, nikaanza kuwaza kama mwenye gari atadhani nimeiazima. Nilikuwa nimeiazima.

Ilikuwa wiki yangu ya tatu katika karakana ya fundi mmoja hapa Nakuru ambaye kazi yake ni kuyarudishia magari mng'ao. Nilikuwa na digrii ya takwimu na maombi mengi ya kazi yasiyojibiwa. Fundi alinichukua kwa sababu mke wake na mama yangu huimba kwaya moja. Aliniita Digrii. Sidhani alikuwa akinikejeli, ingawa jambo hilo nimelifikiria sana.

Mwenye gari alikuwa mwanamume wa makamo anayesafirisha viazi kutoka Molo.

"Fundi, ona vile wameniharibia," alisema. "Gari haijamaliza hata mwaka."

Fundi aliinamisha taa yake juu ya boneti. Mikwaruzo myembamba ikajitokeza kuuzunguka mwanga, mingi kama utando wa buibui.

"Kuna mtu hupanguza vumbi gari ikiwa kavu," alisema. "Na vumbi ya huku ni msasa, boss."

"Ni soja wangu, yule wa kulinda gate. Nilimwambia asiguse hii gari. Nimemsimamisha kazi, na Ijumaa nikitoka hapa nampa barua aende kabisa."

Alipoondoka, fundi aliniambia nilizunguke gari nimweleze ninachoona. Milango ilikuwa imejaa mikwaruzo, na boneti pia. Paa lilikuwa safi kabisa. Nilianza kumpa sababu: pengine mvua, pengine kivuli cha mti, pengine jua. Alingoja nimalize.

"Ama huyo mtu hafiki," alisema. "Ni mfupi. Na huyo soja namjua. Akisimama kwa gate, taa ya juu anaibadilisha bila ngazi."

Kisha nikauona uzi wa sufu, wa kijani, umenasa kwenye ukingo wa kioo cha pembeni. Niliutia mfukoni.

"Tumpigie boss?" niliuliza.

"Tumwambie nini? Kwamba paa iko safi? Atasema soja alichoka. Maneno kama haya huongewa mtu akiwa amesimama hapa."

Kwa hiyo tukafanya kazi siku mbili, na muda wote nilikuwa nikitunga sentensi ya kumwambia yule bwana. Nilitunga ya upole, nikaona inajipendekeza. Nilitunga ya ukali, nikaona itampotezea fundi mteja. Mahali fulani mjini kulikuwa na mtu aliyekuwa akingoja barua, na mimi nilikuwa nachagua kati ya "pengine" na "huenda".

Fundi hakuonekana kutunga chochote. Aliliosha gari mara mbili, akabandika utepe kwenye kingo zote, akapima unene wa rangi sehemu kwa sehemu, ndipo akajaribu dawa ya kung'arishia kwenye kipande kisichozidi kiganja. Mashine ya kusugulia ilipoanza kuzunguka, aliisogeza polepole, kila mstari ukilalia nusu ya ule uliotangulia. Kila baada ya muda alisimama akagusa bati kwa mgongo wa mkono, kama mzazi anayepima homa. Alinieleza kwamba mkwaruzo hauzibwi. Unapunguza rangi inayouzunguka, kidogo sana, mpaka yote iwe sawa, na lazima ujue pa kuachia. Karibu na kishikio cha mlango kulikuwa na mmoja mrefu. Aliutazama, akauacha. "Huo nikiufuata nitafika kwa chuma," alisema. Sijawahi kumwona mtu akiacha kitu kwa utulivu namna ile.

Alhamisi jioni alizima mashine, akapanguza boneti mara ya mwisho. Mawingu ya upande wa Menengai yalikuwa ndani yake, na hayakuwa na mkwaruzo.

Ijumaa mchana mwenye gari alikuja na mama yake, mwanamke mdogo wa kimo kutoka Dundori aliyekuwa akikaa kwake tangu atibiwe mguu. Alitusalimu kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Upepo ukavuma, vumbi likatua juu ya kazi yetu ya siku mbili. Mama akafungua kiondo, akatoa kipande cha sweta kuukuu la kijani, akaielekea boneti.

Sentensi zangu zote zilipotea. Niliweka mkono wangu juu ya boneti, na mama akaupanguza.

"Toa mkono, kijana. Una vumbi."

"Mum, unafanya nini?" aliuliza mwanawe.

"Kile mimi hufanya kila asubuhi kabla uamke. Ama ulitaka kwenda mikutano na gari chafu?"

Mwenye gari alimtazama fundi. Fundi alilitazama paa.

"Mathe," fundi alisema, "mtoto akianguka kwa mchanga, unampanguza macho na kitambaa kavu?"

"Wacha mchezo. Namwosha."

"Basi na huyu pia. Maji kwanza."

Alimletea ndoo na taulo laini, akamwonyesha kuvuta taratibu bila kukandamiza. Mama alishika haraka kuliko nilivyoshika mimi. Mwanawe alikuwa ameshatembea mpaka langoni, simu sikioni.

"Ni mimi," tulimsikia. "Rudi kazi kesho. Hapana, mimi ndio nilikosea. Ni mathe." Akasikiliza. "Ulikuwa unamuona? Kila asubuhi? Na ukanyamaza hata nikikufukuza?"

Sikusikia jibu. Lakini nilielewa kwamba soja yule alikuwa amenyamaza ili mwanamke mzee asiaibishwe na mwanawe, na mimi nilikuwa nimenyamaza kwa kukosa neno zuri. Tangu siku hiyo siwezi kuweka kunyamaza kwake na kunyamaza kwangu pamoja.

Mama alifika mwisho wa mlango, akainua uso.

"Na huko juu?"

"Huko juu," fundi alisema, "utamwachia soja."