Maji ya Wakfu

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Ijumaa moja kabla mambo hayajaharibika, mimi na Yahya tulifua kanzu zetu uani tukazianika juani. Tulikuwa wanafunzi wa dini kutoka Buyenzi, Bujumbura, tuliopanga chumba Halab, mji wa Kiarabu, ndani ya kuta zake za kale. Mwenye nyumba, Haji Nuri, alikuwa mzee mjane mpenda utani. Siku ile alituonyesha birika lililochimbwa chini ya kichochoro chetu. Zamani, alisema, maji yaliingia mjini kwa mfereji uliopita chini ya ukuta, maana mfalme hata ajenge ukuta wa kufika mbinguni, watu wakikosa maji watafungua lango wenyewe. Mfereji ulishakufa, birika likijazwa na mvua. Jiwe la mdomoni pake liliandikwa kuwa maji yale ni wakfu kwa wenye kiu.

Kisha vita vikaingia. Mabomba yalikauka, mtaa mzima ukanywa kutoka birikani, na mimi, niliyejiona sheikh kabla ya kuhitimu, nikawa wa kuwakemea waliotaka kufulia maji yale.

Haji Nuri alikufa kwa moyo, asubuhi. Ikabidi tumwoshe.

Yahya alichukua ndoo kwenda birikani. Nikamzuia. Maji ya wakfu wa kunywa hayaoshewi maiti. Tulifundishwa hivyo darasani.

"Maji iko hapa chini," akasema. "Juu ya nini twende mbali?"

Nikamwambia kuna kisima nje ya lango. Nilitaka tuongozane, akasema mmoja abaki na mzee, akatoka na ndoo.

Wadunguaji walikuwa juu ya ukuta.

Nilisikia risasi moja.

Majirani walimleta juu ya mlango uliong'oka. Nikateka maji ya birika, nikawaosha wote wawili. Hakuna aliyenikemea.

Mama yake Yahya aliishi Saint-Gilles, mtaa wa Brussels, tangu vita vya kwetu Burundi, akifanya kazi ya kutunza wazee. Nilipofika Brussels nilimwambia tu kwamba mwanawe aliuawa akifuata maji. Kila Jumapili alinipikia, nami nilikula chakula chake kwa aibu. Mwaka wa tatu, Jumapili moja, nilisukuma sahani kando. Nikamweleza kuhusu Haji Nuri, wakfu, na kwamba ni mimi niliyemtuma Yahya nje.

Aliuliza, kijiko mkononi:

"Na yeye, mulimuosha?"

"Ndiyo, maman."

"Na maji gani?"

"Ya birika."

"Bon. Kumbe hata ule mzee mungemuosha nayo."

Hakusema kwa hasira. Aliniongezea wali, nami nikalia mbele yake bila kujificha. Dharura huhalalisha kilichoharamishwa. Hilo nalo nilifundishwa, muhula uleule, na kwenye mtihani nilikuwa nimelijibu sawasawa.