Mama Kwenye Picha ya Ziwa

Enzi zetu pale Kadutu, Jumamosi ilikuwa siku ya ziwa. Ninyi mliokulia Bukavu miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, mnajua ninachosema. Tulishuka mlima asubuhi mapema, wanawake wamejitwika mabeseni ya nguo, sisi watoto nyuma na sabuni na viazi vitamu vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Nguo zikishafuliwa zilianikwa kwenye nyasi, na muda wa kuzisubiri zikauke ndio ulikuwa wetu. Tuliogelea mpaka meno yakagongana, tukala mapera mabichi, tukaumwa tumbo, tukarudi majini. Vijana wa leo ukiwatajia ziwa wanauliza kama kuna mtandao.

Mama yangu peke yake ndiye aliyekuwa hana muda huo. Wenzake walijinyoosha kwenye nyasi wakipiga soga. Yeye alikuja na ungo na maharage ya kuchambua. Mikono yake sikuwahi kuiona imetulia. Hata kwenye misa vidole vyake vilikuwa vikinyoosha kola ya mtoto wa jirani. "Nitapumuzika siku watanizika," alizoea kusema, nasi tulicheka.

Jumamosi moja alikuja madamu wa Kizungu mwenye kofia pana. Akasimamisha miguu mitatu ya mbao, akaweka juu yake turubai dogo lililowambwa kwenye fremu, akaanza kupaka rangi. Tukamzunguka, naye hakutufukuza, jambo ambalo peke yake lilitushangaza. Kwa karibu tuliona uchafu mtupu: madoa ya waridi, ya zambarau, ya kijani, kama sahani ya mtoto anayejifunza kula.

Kaka yangu Deo akaninong'oneza, "Uyu Muzungu hajue kuchora. Mayi gani iko na rangi ya rose?"

Sijui kama madamu alisikia. Alitushika mabega, akaturudisha nyuma polepole, halafu akatuonyesha picha kwa kidole.

Jamani! Yale madoa yalikuwa yameungana. Ziwa lilikuwa pale linameremeta, na nguo zetu kwenye nyasi, na milima ya ng'ambo. Nikageuka kulitazama ziwa lenyewe, na kumbe kweli lilikuwa na waridi, na zambarau lilikuwa nayo. Nilikuwa nimelinywa na kuliogelea maisha yangu yote bila kuliona.

Kisha nikamwona mama. Nilimjua kwa kitambaa chake chekundu cha kichwa. Lakini kwenye picha hapakuwa na ungo wala maharage. Mama alikuwa amekaa tu, amenyoosha miguu, mikono mitupu mapajani, anatazama maji.

Nilitaka aone. Sijui kama niliwahi kutaka kitu namna ile. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa kisiwa cha Idjwi na madamu ameanza kufunga rangi zake. Akiondoka nayo, basi, hatutaiona tena. Nikakimbia.

"Mama, kuya uone! Uko mu picha!"

"Niache, niko na kazi."

"Mama, anaenda sasa!"

Nikamvuta mkono mpaka maharage yakamwagika. Kumwaga chakula siku zile ilikuwa kujitafutia kofi, lakini nadhani uso wangu ulimtisha. Akainuka, akaja akijifuta mikono.

Nikamsimamisha pale tuliposimamishwa sisi.

"Ni nani uyu?" akauliza.

"Ni weye, mama."

"Hapana. Miye siikalake hivi."

Alisema yeye hakai hivyo, lakini hakuondoka. Alitazama na kutazama. Madamu alimaliza kufunga rangi zake, akabaki amesimama na kofia yake mkononi, akasubiri. Ndipo akaichukua picha taratibu na kwenda zake.

Mama akarudi mahali pake. Nilingoja akusanye maharage. Akausogeza ungo pembeni, akakaa, akanyoosha miguu, akaweka mikono mapajani. Mawingu yalipita bila mvua. Nguo zilikauka, wenzake wakazikunja, wakamwita, yeye akaendelea kutazama maji. Nilisimama nyuma yake naogopa hata kukohoa. Deo alipotaka kuuliza tutarudi saa ngapi, nilimziba mdomo.

Sikumwona tena amekaa vile. Jumamosi iliyofuata ungo ulirudi.

Leo sehemu kubwa ya ufuko ule imezungushiwa kuta, na picha ile labda imetundikwa sebuleni kwa mtu huko Ulaya, watu wanaitazama na kusema mwanamke huyu aliishi kwa raha. Wajukuu wangu hunipeleka ziwani kwa gari. Wanaligeuzia ziwa mgongo, wanajipiga picha hata hazihesabiki, kisha wanataka kuondoka. Mimi nakuwa nimeshakaa kwenye nyasi, nimenyoosha miguu, mikono iko mapajani.

"Koko, unafanya nini hapo?" wananiita. "Tuende!"

"Muniache," nawaambia. "Niko na kazi."