Ampli ya Arusi kwenye Redio ya Kijapani

Katika Kalemie yetu kuna watu wenye gari nzuri kuliko yangu, sikatai. Wawili. Labda watatu. Lakini gari iliyowahi kusikika kutoka parokia ya mlimani mpaka bandarini, tena injini ikiwa haijawaka, ni moja tu, na mwenye nayo ni mimi. Shule niliiachia mwaka wa nne wa msingi. Nalitaja hilo mapema ili wenye diplome wanaosoma hapa wakae vizuri kwenye viti vyao.

Nilianza na baiskeli. Nilikuwa napakia magunia ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nasukuma mpaka Kiambi, narudi na mafuta ya mawese na magoti yaliyovimba. Baiskeli ikazaa pikipiki, pikipiki ikazaa duka, duka likazaa gari. Gari yenyewe ilitoka Japani, ikashuka Dar es Salaam, ikapanda treni mpaka Kigoma, ikavuka ziwa pamoja na mifuko ya saruji. Siku ilipofika nilikwenda bandarini nimevaa suti, kama mtu anayepokea mchumba. Usukani wake uko kuume, na sisi huku tunaendesha kuume, kwa hiyo nikitaka kupita lori namwuliza mke wangu aliyekaa upande wa pili, "Kuna kitu kinakuja?" Naye hunijibu, "Sali kwanza."

Lakini utamu wa gari hiyo ulikuwa redio. Redio ya kiwandani, ile ile iliyozaliwa nayo. Haikamati stesheni hata moja ya mji wetu. Wajapani waliiwekea masikio yao wenyewe. Mpaka uchomeke waya wa simu ndipo inaimba. Ila kila ukizungusha ufunguo, kabla injini haijawaka, mwanamke anaongea ndani yake kwa sauti laini, ya mtu aliyelelewa vizuri: "Iitiishii kaado ga..." na maneno mengine marefu. Mfanyabiashara mmoja wa Kigoma aliniambia huyo mama anaomba karte ya kulipia barabara za kwao. Nikamwambia karte ya uchaguzi ninayo mfukoni, aniambie kingine. Kwangu mimi ilikuwa salamu, na kila asubuhi nilimjibu, "Ndiyo mama, tumeamka." Watoto wangu walikua wakinisikia namjibu. Sauti yake ina kipimo chake peke yake, mbali na kipimo cha muziki. Hicho nilikipandisha mpaka mwisho, ili kila anayepanda ajue gari hii haikupitia mikononi mwa mtu yeyote wa hapa.

Basi binti yangu wa kwanza akapata mchumba, kijana wa Manono, mpole, sina neno naye. Neno nililokuwa nalo lilikuwa njia ya Manono, kwa sababu kesho yake ya arusi angempakia mtoto wangu na kwenda naye huko moja kwa moja. Kwa hiyo nilijipangia kitu kimoja tu: siku hiyo, kutoka parokiani mpaka kwenye sale, ukumbi wa sherehe, binti yangu apande gari yangu, na mume wake pembeni kama ni lazima. Nilikuwa nimempandisha baiskeli ya ndagala akiwa na meno mawili. Nilikuwa nimempandisha pikipiki akienda kufanya mtihani. Safari ile ya mwisho sikuweza kumwachia dereva wa watu.

Siku ya kupanga mambo, baba mdogo wa bwana arusi akasimama. Ni mtu wa biro, wa kazi za ofisini, anavaa tai hata akienda kununua sabuni.

"Sisi tumekodi jeep nyeupe," akasema. "Iko na muziki. Ile yako, Papa, itabeba masufuria."

Watu wakacheka. Hata wa upande wangu. Nikajibu kwamba gari yangu nayo ina muziki, wakacheka zaidi, kwa kuwa walikuwa wameisikia. Spika zake nne za kiwandani zilikuwa zinalia kama nyuki ndani ya chupa.

Binti yangu akakata maneno. "Musigombane. Mimi nitasimama kwa ngazi ya kanisa, kila muntu apige muziki yake. Ile gari itanichezesha, njo hiyo nitapanda."

"Nimekubali!" akasema Papa wa tai, akanishika mkono huku akinihurumia.

Sokoni kwetu kuna mama anayetengeneza redio. Mumewe ndiye aliyekuwa fundi. Alipofariki akamwachia meza na wateja. Wateja wakakimbia, kisha wakarudi mmoja mmoja walipoona anawashinda wanaume wote wa barabara ile. Nikamfikishia ampli ya kukuza sauti niliyoiagiza Kigoma, kubwa kama mtoto wa miezi sita, na karton yake imeandikwa watt kwa tarakimu za kutisha.

"Papa, hizi watt ni za karton," akaniambia.

"Zimeandikwa."

"Na mimi naweza kuandika kwa mulango yangu kama niko gavana."

Kisha akainama kwenye redio, akaikagua, akanyoosha mgongo. "Tutoe hii, tuweke mupya. Hii ya kiwanda haina mahali pa kutolea sauti kwenda kwa ampli."

"Hiyo haitoki."

"Juu ya nini?"

"Iko na mwenyewe ndani." Nikazungusha ufunguo, mama wa Kijapani akasema yake. Fundi akaweka bisibisi chini.

"Mama wa nyumbani anajua?"

Hata hivyo alikuwa na dawa. Akafungua tablo ya mbele ya dereva, akatafuta nyaya nne zinazopeleka sauti kwenye spika za mbele, akazigawa, akazileta kwenye ampli chini ya kiti. Akaanza kunieleza. "Sasa kila sauti inayopita kwa hizi waya, itapita kwa ampli. Kila sauti, Papa. Umenisikia?" Nikasema nimesikia. Ukweli nilikuwa naangalia jina la ampli lilivyong'aa.

Halafu akapitisha waya mwekundu mnene kutoka kwenye batri, na karibu na batri akauwekea fizibo, ili moto ukizidi ikatike yenyewe gari isiungue. Alipochukua msasa na kuanza kukwaruza bodi nyuma ya kiti ili afunge waya mweusi, nilipiga kelele.

"Rangi ya Japani hiyo!"

"Umeme haupiti kwa rangi, Papa. Hata ya Japani."

Nyuma kwenye kofri ya mizigo tukaweka bafle mbili, masanduku ya spika, kila moja inaweza kumkalisha mtu mzima. Juu ya paa nikadai spika mbili za mdomo mpana, kama zile za wahubiri. Alikataa, nikadai, akakataa, nikazishika mwenyewe juu ya gari mpaka alipochoka akazifunga. Ufunguo ulikuwa umewashwa kabla ya fizibo kuingia, mama wa Kijapani amekwisha kusema yake; tukajaribu muziki kidogo, na nakwambia, muuza nyanya wa pembeni aliacha kupanga mafungu yake akaanza kutikisa kiuno bila kujijua. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya soko nacheka peke yangu, mikono kichwani.

Fundi akazima, akatoa fizibo, akaifunga kwenye kipande cha gazeti, akanipa. "Utaiweka kesho, pale kanisani. Nakujua weye, ukienda nayo nyumbani utamaliza batri kabla ya arusi. Na hiki kiskurubu cha nguvu ya ampli nimekipima kwa sikio. Usikiguse."

Nilikigusa. Asubuhi, kwa ncha ya kisu cha mezani, nilikizungusha mpaka kikakataa kwenda mbele. Mtu gani ananunua ampli halafu anaiacha nguvu imelala?

Misa ikaisha, maharusi wakatoka, watu wakajaa uwanjani mbele ya kanisa. Binti yangu akasimama kwenye ngazi, mweupe kuanzia kichwani mpaka viatuni, akanyoosha kidole kuelekea jeep. Jeep ikapiga. Siwezi kudanganya, ilikuwa safi, sauti ya kizungu, kila gitaa mahali pake. Binti yangu akatikisa mabega. Mabega tu, lakini bamama wa Manono walipiga vigelegele kana kwamba mambo yamekwisha, na Papa wa tai akafungua mlango wa nyuma wa jeep, akaushikilia wazi.

Nikafungua kapo ya injini, nikachomeka fizibo, nikaingia nyuma ya usukani. Watu wakanigeukia. Nikazungusha ufunguo.

"IITIISHII KAADO GA..."

Ndugu zangu. Kunguru wote wa paa la kanisa waliruka kwa pamoja. Mwenye pikipiki mmoja aliyekuwa anapita barabarani alizima, akashuka, akasimama kwa adabu. Padri aliyekuwa amekwisha kurudi ndani akatokea mlangoni, nusu amevaa, nusu amevua. Na yule mama, kwa sauti yake ile ile ya mtu aliyelelewa vizuri, akaendelea kutangazia mlima mzima, ziwa likamrudishia maneno yake.

Nikashikwa na hofu, nikazima. Nikawasha tena ili nitafute muziki. Kumbe ukiwasha tena anaanza tena.

"IITIISHII KAADO GA..."

"Ni muke gani huyo?" Papa wa tai akauliza kwa nguvu.

Mke wangu alikuwa amesimama karibu naye, mkoba mkononi. "Ni mukemwenza wangu," akamjibu. "Hapiki. Anaongea tu."

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Mimi ndani ya gari nilikuwa sicheki. Waya wa simu ulikuwa umeangukia chini ya kiti, naupapasa, jasho linaingia machoni, najua moyoni kwamba nimekwisha kumpoteza, ataondoka na jeep, na mimi nitafuata nyuma na masufuria. Katika kupapasa kule goti langu likagonga ufunguo, ukazima. Nikauzungusha mara ya tatu.

Mama wa Kijapani akasema yote, mpaka mwisho. Na alipomaliza nikasikia sauti nyingine, kutoka kwenye ngazi. Binti yangu alikuwa amekusanya viganja mdomoni, shela imeteleza upande mmoja, anapaza kwa nguvu zake zote:

"Ndiyo mama, tumeamka!"

Wadogo zake wakarudia. Kwaya ikarudia, kwa sauti nne, wale hawawezi kuona kitu wasikiimbe. Wakaanza kupiga makofi, "Ndiyo mama, tumeamka, ndiyo mama, tumeamka," na binti yangu akashika gauni pande zote mbili akacheza. Si mabega. Alicheza na kiuno, na magoti, na taji kichwani, akishuka ngazi moja moja, anakuja upande wangu.

"Hiyo si muziki!" akalia Papa wa tai, bado ameshika mlango wa jeep.

"Lakini mimi nacheza, Papa mudogo!"

Akapanda. Mume wake akamfuata, anacheka mpaka machozi, na hapo ndipo nilipompenda kijana yule kikweli. Nikaupata waya, nikachomeka simu, na gitaa la kwanza la sebene lilipolipuka kutoka juu ya paa nilidhani vioo vitatoka. Tukashuka mlima. Wauza mikate walicheza, polisi wa barabarani alicheza na filimbi yake. Tulipopita sokoni nikamwona fundi wangu amesimama juu ya kiti, ameziba masikio kwa mikono miwili, ananipigia kelele kwamba nipunguze kiskurubu. Nikampungia mkono kama raisi.

Tulipokaribia sale, binti yangu akaja mbele, akaweka kidevu chake begani kwangu, akasema kitu. Sikusikia. Akasema tena. Nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani mwangu: nikapunguza sauti mwenyewe.

"Nasema usisimame, Papa. Tuzunguke tena."

"Watu wanangoja, mama. Chakula kitapoa."

"Kipoe."

Nikamtazama mume wake kwenye kioo. Akatazama dirishani, kama mtu ambaye hakusikia lolote. Mlangoni pa sale wazee walikuwa wamekwisha kupanga mistari miwili, mikono imeinuliwa kutupokea, na nyuma yetu jeep ilikuwa inapiga honi. Nikapandisha sauti, nikawapita wote kama siwaoni, nikakata kona kuelekea ziwani.