Maji Yaliyomrudisha Lyle

Siku Lyle alipomtia Verna machoni kwa mara ya kwanza, alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi wa mwerezi, kasia juu, ulimi umemganda.

Desturi ya pwani ile ni moja. Mtumbwi wa wageni haugusi mchanga mpaka msemaji wake ataje watu wake, ataje maji aliyopitia kwa jina la wazee, kisha aombe ruhusa ya kushuka. Msemaji wao aliugua njiani, na Wendell, binamu yake Lyle, kwa makusudi kabisa, akamsukumia Lyle kazi hiyo.

Mwenyeji alikuwa Verna, mchoma samaki wa samoni, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamsha sili waliolala miambani.

"Haya mgeni, tunakusikia."

Lyle akafungua mdomo, akaufunga. Mkondo ukauchukua mtumbwi, ukauzungusha kisiwa kidogo kilichokuwa katikati ya maji, ukaurudisha palepale.

"Kumbe ni wewe tena," Verna akasema.

Safari hii Lyle alitaja watu wake vizuri. Kisha, kwa woga, akayaita maji yale kwa jina lililoandikwa kwenye ramani, jina la nahodha fulani wa kigeni. Ufuko mzima ukaangua kicheko.

"Huyo hatumjui," Verna akasema. "Alipita mara moja, huku anatapika. Zunguka."

Wakazunguka. Harufu ya samoni ikawafuata.

"Domo zege wewe," Wendell akanong'ona, "tutakufa njaa huku samaki tunawaona."

Walipotokea tena, Lyle alikuwa amechoka hata kuona haya.

"Mama, jina la maji haya silijui," akasema. "Ninachojua ni kwamba kila nikienda, yananirudisha kwako."

Verna akakaa juu ya gogo, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Ndilo jina lenyewe. Bibi zetu waliyaita Yanayorudisha. Yanarudisha magogo, yanarudisha sili, hata mume aliyenuna akaondoka. Shukeni, mle."

Lyle alishuka, na hakuondoka tena. Walioana, wakachoma samaki pamoja miaka mingi, na kila mgeni aliyelitaja jina la yule nahodha Verna alimzungusha bila huruma, awe mkwe, awe padri.

Verna alipougua mara ya mwisho, walisogeza kitanda chake dirishani ayaone maji. Lyle akamshika mkono. Maneno yakamkimbia, kama siku ile mtumbwini.

Verna akamtazama, akatabasamu.

"Usihangaike," akasema. "Zunguka tu, mgeni. Samaki wako motoni."