Mbuzi Waliopita Juu ya Bonde

Mimi mtu akichimba shimo karibu na mpaka wetu, silali. Baba alituachia kipande hiki cha mteremko hapa Kilungu, na tangu azikwe, kila wikendi nikitoka Nairobi naanza kwa kukagua mikonge ya mpaka kabla hata ya kunywa chai. Kwa hivyo nilipokuta nguzo ya chuma imesimikwa kwa simiti nyuma ya jiko la mama, damu ilinichemka.

"Ni ya yule mzee wa ng'ambo," mama alisema, akichambua pojo. "Anataka kuvusha maembe."

Mzee wa ng'ambo alifiwa na mkewe zamani, anakaa mlima unaotukabili. Vituko vyake vinajulikana. Aliwahi kufunga injini ya pikipiki kwenye mashine ya kupukuchua mahindi, punje zikaruka hadi kwa paa la kanisa. Sasa alikuwa amevuta waya wa winchi kutoka kwake hadi kwetu, juu ya bonde lote, na kuning'iniza kiti cha plastiki kwa rimu mbili za baiskeli. Lakini barabara iko upande wake. Maembe ayavushe huku yaende wapi? Leo nguzo, kesho ua, kesho kutwa anakuja na seveya kupima shamba. Nilimwambia mama hivyo. Akaendelea na pojo.

Jumamosi iliyofuata kiti kikaja. Hakikuwa na embe hata moja. Kilibeba mbuzi, amefungwa mikanda kama abiria, analia bonde zima likisikia. Nikajua huyu anapima uzito, baadaye alete mawe ya kujengea. Nikamfungua. Simu ikalia, ni mzee.

"Umempokea?"

"Nimempokea, na harudi. Hiyo ni faini ya nguzo yako."

Akacheka. Kicheko hicho hakikunipendeza hata kidogo. Jioni nilichinja yule mbuzi, nikaita majirani wale na washuhudie kwamba shamba lina mwenyewe. Walikula vizuri. Walinipa mkono mmoja mmoja, na shangazi akaimba. Hata hilo nililishuku, lakini nyama ilikuwa mdomoni.

Jumapili baada ya ibada alikuja mbuzi wa pili, kisha wa tatu. Hapo nikakaa chini. Kila Mkamba anajua ntheo: mwanamume hupeleka mbuzi watatu kwa watu wa mke, na wakipokelewa, mwanamke ni wake. Baba yake mama alishakufa, na kaka zake pia. Aliyebaki wa kupokea ni mimi.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Na shamba?"

"Shamba ni lako. Yeye hawezi tena kupanda mlima huu, na mimi magoti yamekwisha. Wewe unakuja wikendi. Hizo siku zingine unafikiri naongea na nani?"

Niliumia, kwa sababu sikuwahi kujiuliza.

Mama akakaa kwenye kile kiti, amevaa rinda la kanisani, mkoba mapajani. Nilikagua kila nati. Ule waya nilikuwa bado naushuku, na mwenye waya pia. Mama akanipa kamba iliyofungwa nyuma ya kiti.

"Hii ndiyo breki. Nikisema vuta, uvute."

Ng'ambo injini ikawaka, kiti kikaondoka. Nilishika ile kamba kwa mikono miwili bonde lote, nikingoja aseme. Hakusema.