Kaseti ya Bibi na Maji ya Chumvi

Fundi aliponiambia nikaioshe redio kwa maji mengine, nilijua nimekutana na mwizi.

Redio yenyewe ilikuwa imetoka majini asubuhi ile ile. Tulikuwa tunaishi Mtoni, nyuma kidogo ya Barabara ya Kilwa, mimi na mama yangu tu, katika nyumba ya kupanga. Uani kulikuwa na pipa la maji ya kisima, maji ya chumvi ya kufulia na kuoshea vyombo, na juu yake kifuniko cha mbao ambacho hakikuwahi kukaa sawa hata siku moja. Nilitoka na redio kaseti ili nisikilize muziki huku nafua. Nikaitua juu ya kifuniko, na kifuniko kikapinduka. Nilisikia chubwi, kisha kimya.

Redio si kitu. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, redio za kila rangi zimejaa madukani, nusu yake feki. Kilichonitoa jasho ni kaseti iliyokuwa ndani. Mjomba alikuwa amemrekodi bibi, mama yake mama, kule Lindi, akatutumia kwa mtu wa lori. Nusu saa nzima ya bibi akitusalimia, akiuliza habari zetu kama vile tungemjibu, akieleza kuku wangapi wameibwa na anamshuku nani. Mwaka uliofuata bibi akafariki. Yalikuwa masika, barabara ya kusini imekatika, na mama hakuwahi mazishi. Tangu hapo kila Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri alikaa kitandani akaisikiliza, mpaka pale mwishoni bibi anapomkaripia mjomba: “Zima sasa, mtamaliza betri za watu!” Hapo mama alicheka, na hapo ndipo alipozima. Hata kurudisha nyuma alirudisha kwa peni, akiizungusha kaseti mkononi, ili betri zidumu. Upande wa pili hatukuwahi kuusikiliza.

Kwa hiyo siku ile nilipoitoa redio ikichuruzika maji, mama hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: “Kaseti imo?” Nikamgeuzia kidirisha cha kaseti, naye akaelewa.

Ushauri ulitoka kila mlango. Mpangaji wa chumba cha mbele alisema tuianike juani. Mke wake akasema hapana, karibu na jiko la mkaa. Mama akaenda kwenye debe la mchele, maana yeye kila siku alitia punje za mchele kwenye kopo la chumvi isilowe, akaona kama mchele unakausha chumvi utashindwaje redio. Akaifukia yote, kikabaki kishikio tu. Mimi nilitaka kuiwasha nione kama ina uhai. Nilipigwa kofi la mkono.

Mchana tukaikung’uta mchele, nikaenda nayo kwa fundi wa redio wa pale kituo cha basi. Alikuwa mtu wa makamo, maneno machache, na mimi watu wa maneno machache nawashuku tangu utotoni.

“Mmeiwasha?” aliuliza.

“Hatujaiwasha.”

“Afadhali. Maji gani?”

“Ya kisima.”

“Ya chumvi hayo. Toa betri, kaioshe kwa maji ya bomba, halafu tutaikausha kivulini. Isiguse jua.”

“Braza, kitu kimeshazama, unataka mie nikizamishe tena?”

“Sista, maji yanakauka, chumvi haikauki. Inabaki humo inatafuna.”

Niliiosha, lakini mbele yake, na sikuiacha. Pale Mtoni hakuna aliyeacha kitu chake kwa fundi akaondoka. Ulibeba kigoda chako ukakaa, maana kila mtu alikuwa na kisa cha feni iliyorudi na mota nyingine, au saa iliyoingia nzima ikatoka na utumbo wa saa ya jirani. Mimi nilizidisha. Nilikwenda na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, na alipoifungua redio nikatia kidoa kwenye kila kitu nilichoweza kukifikia: spika, mota, transfoma, hata mpira wa kuzungushia kaseti. Fundi aliniangalia mpaka nilipofunga kichupa.

“Umemaliza kumpamba biharusi? Naomba nifanye kazi sasa.”

Siku tatu nilikaa pale kutwa, jioni nikibeba redio kurudi nayo nyumbani na asubuhi kuirudisha. Alisugua kila kona kwa mswaki na spiriti. Nami nilimwangalia vidole kama paka anavyomwangalia muuza samaki. Siku ya tatu haja ilinibana, nikaenda kuomba choo nyumba ya jirani. Sikuchukua hata robo saa.

Niliporudi, mkononi mwake kulikuwa na kaseti nyeusi yenye skrubu. Yetu ilikuwa nyeupe.

“Ile ganda lake limegandishwa, halifunguki,” alisema. “Nimelivunja. Utepe nimeukausha, nimeuhamishia humu.” Akanionyesha kwenye kopo vipande vya plastiki nyeupe. Mwandiko wa mjomba haukuwapo. Alisema maji yamefuta. Siku tatu hakuigusa kaseti, nimeondoka robo saa kaihamisha! Nilibeba vitu vyangu bila kuaga.

Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa. Mama alimaliza kuswali, akakaa mahali pake, nami nikabonyeza. Likatoka gitaa, kisha tarumbeta, kisha mwanamume akimlilia mpenzi wake aliyemkimbia. Muziki wa dansi. Mama alisubiri wimbo ukaisha, labda bibi yuko nyuma yake. Ukaja wimbo mwingine. Akajifunika uso kwa kanga, na mimi nilikuwa njiani tayari.

Nilimtukana yule fundi mbele ya kituo kizima. Nilimwambia amemuiba marehemu. Hakubishana. Alichukua bisibisi, akaifungua redio, akaigeuza upande wangu. “Hesabu vidoa vyako, dada.”

Vyote vilikuwepo.

“Ndiyo maana ukaiba kaseti,” nilimwambia. “Hiyo sikuitia kidoa.”

“Nilichokitoa ndicho nilichokirudisha. Kasikilizeni vizuri.”

Watu walinipongeza. Nakumbuka mama mmoja muuza vitumbua alisema dawa ya mafundi ni watoto wa kike kama mimi. Nilitembea kurudi nyumbani kichwa juu. Wiki ile ile wateja wawili walihamisha redio zao kutoka kwake.

Mama hakuitaka tena ile kaseti. Mimi niliichukua. Nyimbo zenyewe, nikiri, zilikuwa tamu, na baada ya wiki mbili tatu nilikuwa nazijua kwa moyo. Jumapili moja mchana nilitaka kurekodi kipindi cha salamu redioni. Sikutaka kuzifuta zile nyimbo, kwa hiyo nikageuza upande wa pili. Nikairudisha mwanzo kwa peni, nikaziba vitundu vya nyuma kwa karatasi ili ikubali kurekodi, nikabonyeza. Salamu zikamiminika, za watu wa Tandika, za watu wa Bunju, na nyimbo katikati yake, mpaka kipindi kikaisha. Nikasimamisha. Kisha nikabonyeza kusikiliza, nione kama utepe umebaki.

Sauti ikasema, karibu kabisa na mimi: “Zima sasa, mtamaliza betri za watu!”

Mjomba, masikini ya Mungu, alikuwa amemrekodi bibi nyuma ya kaseti yake ya dansi, na fundi alipohamisha utepe alizigeuza pande. Hakuiba kitu.

Mama alikuja kutoka jikoni, machicha ya nazi mikononi. “Rudisha nyuma,” alisema.

“Mama…”

“Rudisha.”

Nikarudisha. Mtangazaji akawa anamsalimia shangazi wa mtu Mbagala. Nikarudisha zaidi, na zaidi, mpaka mwanzo, nikitumaini kama mjinga kwamba mahali fulani kipande kimepona. Niliona aibu kiasi cha kutaka kuingia mimi mwenyewe ndani ya lile pipa. Kwa fundi nilikwenda kesho yake, mbele ya kituo kile kile, nikamwomba radhi kwa sauti. Alisema yameisha. Wateja wake hawakurudi.

Ijumaa iliyofuata mama aliichukua tena kaseti. Nilimwambia nitaipeleka mbele, tufike pale. Alikataa, utepe ulishalowa, usije ukakatika. Akakaa kitandani akasikiliza salamu za watu asiowajua, nusu saa nzima, mpaka bibi akasema zima, naye akazima. Alifanya hivyo kila Ijumaa. Hapo mwisho hakucheka tena.